Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama Bath kwa treni, kwenda na kurudi siku moja

#1 Mwana_wa_Chumbageni

Wakuu habari zenu. Nipo Barking, London mashariki, na mama yangu mzazi yuko kwangu, kaja toka Tanga, amebakiza wiki tatu arudi. Keshaona vya kuona, Tower Bridge kapita, ikulu ya mfalme kaiangalia kwa nje kwenye geti, maduka makubwa yamemchosha anasema kote ni nguo zilezile. Sasa juzi tunakunywa chai akaniuliza, eti na Waingereza nao wana maji ya moto yanayotoka chini ardhini kama yetu ya Amboni? Maana yeye akiwa mtoto alikuwa na upele usiosikia dawa, bibi akawa anampeleka pale chemchemi ya Galanos kumuogesha, na mpaka leo ukimtajia anakunja pua anaikumbuka ile harufu ya yai viza, halafu anacheka mwenyewe. Nikamwambia upo mji mzima unaitwa Bath, umejengwa kwa sababu ya maji hayo, Warumi walioga pale karibu miaka elfu mbili iliyopita. Akaweka kikombe chini akasema nipeleke.

Kwahiyo nampeleka. Ila sijawahi kufika huko, gari sina, kazini nina ofu ya Jumatano moja tu, na kulala hoteli kule sitaki maana bei nimeziona. Mama ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua, ngazi nyingi hawezi na choo kisiwe mbali. Naomba mnisaidie tiketi nikate vipi isinimalize, tutoke saa ngapi, tukifika tuanze na nini tuache nini, na chakula cha halali kinapatikana au nibebe changu. Natanguliza shukrani.

#2 Dada_wa_Peckham

Nafuatilia huu uzi, na mimi nataka kwenda na mume wangu.

#3 Fundi_Reli

Mkuu umekuja mahali pake, mimi nafanya kazi za reli hukuhuku mwaka wa tisa sasa, ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza kutoka Barking huna haja ya kubadilisha badilisha, panda treni ya chini ya ardhi ya Hammersmith & City mpaka Paddington, ni moja kwa moja, mama anakaa kiti kimoja mpaka mwisho. Ila ukishuka Paddington ile njia ya chini ya ardhi iko upande wa pembeni kabisa, kuna mwendo mpaka kwenye majukwaa makubwa, kwahiyo fika nusu saa kabla usije ukamkimbiza mzazi. Pale unapanda treni ya kuelekea Bristol, unashuka stesheni inaitwa Bath Spa. Ni kama saa moja na nusu hivi, mara nyingi pungufu kidogo, inasimama Reading, Swindon, Chippenham na nyingine inasimama Didcot.

Tiketi sasa, hapa ndo watu wanapopigwa. Kuna Advance na kuna Off-Peak. Advance ni rahisi lakini imefungwa na treni moja tu, ukiikosa treni hiyo tiketi imekufa. Off-Peak ya kwenda na kurudi ni ghali zaidi ila unarudi na treni unayotaka ndani ya muda ulioruhusiwa. Kwa mtu mwenye mzee anayeumwa goti, mimi ningekwambia chukua Advance ya kwenda kwa sababu asubuhi mnajua mnatoka saa ngapi, halafu ya kurudi piga hesabu, kama tofauti si kubwa chukua ile inayokupa uhuru. Mtu mzima akichoka akasema twende nyumbani, ni twende nyumbani, sio mkae stesheni masaa mawili kusubiri treni yenu.

Halafu kitu ambacho wengi hawajui, kata Two Together Railcard. Ni kadi moja ya watu wazima wawili wanaosafiri pamoja, inatoa theluthi moja ya nauli kwa wote wawili, haijalishi mama ni mgeni, wanachotaka ni jina na picha. Inakaa mwaka mzima kwahiyo hata mkienda Oxford wiki inayofuata inafanya kazi. Masharti ni kwamba siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, kwahiyo angalia treni ya baada ya hapo. Mama peke yake angeweza kukata ya wazee, ile ya miaka 60 kwenda juu, ila hiyo ingempunguzia yeye tu.

Na nunua moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni ya treni, yoyote ile, zote zinauza tiketi za njia zote na hazikati ada. Kuna programu za simu zinazokata ada kila ukinunua, hela ndogo lakini ya nini sasa.

La mwisho, mkishakaa kaeni upande wa kulia kwa mnavyoelekea. Baada ya Chippenham mtaingia kwenye handaki la Box, karibu kilomita tatu chini ya mlima, lilifunguliwa 1841, aliyelichora ni Brunel na wafanyakazi wapatao mia walikufa wakilichimba kwa baruti na mishumaa. Mkitoka kwenye lile giza, dakika chache tu mji wote huo unaanza kuonekana upande wa kulia, nyumba za rangi ya asali zimepanda mlima. Usimwache mama akalala hapo.

#4 Mwana_wa_Chumbageni

Fundi Mungu akuzidishie. Hiyo kadi ya watu wawili sikuwahi kuisikia na nina mwaka wa sita hapa. Nimeikata sasa hivi, picha ya mama nimempiga ukutani jikoni ikakubali.

#5 Kipepeo254

Niaje wadau, mimi niko Reading, Mkenya wa Nakuru. Bath nimeenda mara tatu na nitasema tu ukweli, siku unayochagua ndiyo inaamua kila kitu. Mara ya kwanza tulienda Sunday na watoto, reli ikawa inatengenezwa, tukashushwa njiani tukawekwa kwa basi, tukafika saa saba mchana watoto wameshachoka. Mara ya pili tukaenda wakati wa soko la Krismasi, lile linaanza mwisho wa Novemba, aki watu walikuwa wengi hata kusukuma kigari cha mtoto haiwezekani, treni tulisimama njia yote. Mara ya tatu katikati ya wiki, Oktoba, ilikuwa poa sana. Hiyo Wednesday yako ni nzuri, shikilia hapo. Na tiketi ya kuingia Roman Baths, yale mabafu ya kale ya Warumi, inunue online mapema, siku za wiki inakuwa chini kuliko weekend.

Mwambie pia mama asitegemee kuona maji yakichemka kama Bogoria. Kule kwetu Bogoria watu huchemsha mayai na mahindi kando ya ziwa. Bath chemchemi yake ni nyuzi 46, ni moto lakini yai haliivi.

#6 Mtaa_wa_Saba

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Nauli hiyo yote kwenda kuangalia bwawa la kijani ambalo hata kuoga huogi? Mpeleke Brighton akaone bahari, karibu na rahisi.

#7 Mwana_wa_Chumbageni

Mkuu nakuelewa kwenye gharama, ila mama yangu kazaliwa Tanga, bahari kaiona kila siku ya maisha yake. Kaomba maji ya moto. Miaka yote hiyo alikuwa hajaniomba kitu tangu nije huku, hata hela ya dawa mpaka nimlazimishe. Hili nalifanya.

#8 BintiShangani

Assalaam alaykum. Mie nipo Bristol, Bath kwetu ni pua na mdomo, dakika kama kumi na mbili kwa treni, nnakwenda karibu kila mwezi. Kaka yangu umefanya jambo la kheri na In shaa Allah litakuwa jepesi.

Nnakuomba lakini umtayarishe mama kwa jambo moja, lisije likamvunja moyo pale mbele ya watu. Yale maji ya Roman Baths hayaguswi. Kuna vibao na wafanyakazi wanakataza, kwa sababu yanakuja vilevile yalivyo bila kutibiwa. Zamani watu wakioga, mpaka mwaka 1978 binti mmoja akafariki baada ya kuogelea, alipata maradhi ya amiba anayepanda ubongoni, wakafunga. Waliochimba visima vipya chini zaidi ndio wakapata maji safi, na tangu 2006 pamefunguliwa pahala pengine pa kuoga pakiitwa Thermae Bath Spa, kuna bwawa juu ya paa, unaoga huku unaitazama Abbey, lile kanisa kubwa la mji. Lakini pale ni pa kuvua nguo na kuvaa za kuogelea, wake kwa waume pamoja, sidhani kama mama atapapenda.

La kumfurahisha ni hili, mwisho wa makumbusho kuna mfereji wa maji yaleyale yaliyosafishwa, ya vuguvugu, unakunywa bure. Hayo atayagusa.

Mie kila nikienda pale nawaza Hamamni yetu. Ile ya Mji Mkongwe aliyoijenga Sultani Barghash, imekauka, unaingia unaona birika tupu na mwangwi wa sauti yako. Hawa wenzetu bahati yao maji hayakukatika, kila siku zaidi ya lita milioni moja yanakuja yenyewe. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Mendip, inazama chini kilomita mbili tatu na zaidi, inapata moto huko, inarudi juu kupitia nyufa za mawe. Wataalamu wanasema maji unayoyaona leo ni mvua ya maelfu ya miaka nyuma. Ndo maana mji mzima upo kwenye urithi wa dunia tangu 1987, kisha 2021 wakauweka tena pamoja na miji mengine kumi ya maji ya tiba ya Ulaya.

Kuhusu swala, upo msikiti mdogo mtaa wa Pierrepont, karibu na stesheni. Chakula, mikahawa ya Kihindi na Kituruki ipo, uliza tu halali kabla hujakaa. Lakini mie nabeba changu, kuna mabenchi kila pahala.

#9 MzeeKarlsruhe

Kwa wale tulio Ujerumani, mji wa namna hiyo kwetu ni Baden-Baden na toka Karlsruhe ni karibu sana kwa treni. Angalieni tu stesheni yake haiko mjini, iko Oos, lazima mpande basi kuingia katikati. Na jamani ulizeni kabla ya kulipa, pale Friedrichsbad, lile bafu la 1877, watu wanaoga bila nguo kabisa. Caracalla ya jirani mabwawa yake ni ya nguo za kuogelea. Nilimpeleka shemeji bila kumwambia, mpaka leo tunaongea kwa simu tu.

#10 Mjukuu_wa_Keya

Mwana wa Chumbageni, kama mtakuwa na muda kuna nyumba pale Bath ambayo kila mtu wa Afrika Mashariki angepaswa kuijua. Inaitwa Fairfield House, upande wa Newbridge, nje kidogo ya katikati ya mji. Mfalme Haile Selassie aliishi pale kuanzia 1936 mpaka 1940, Waitaliano walipomnyang'anya nchi. Fikiria mfalme wa Ethiopia kwenye baridi ya Somerset, hela zinamuishia, anasubiri dunia imsikie. Mwaka 1940 akaondoka kwenda Sudan na tarehe 5 Mei 1941 akaingia tena Addis Ababa. Baadaye nyumba akaupa mji wa Bath kwa ajili ya wazee.

Na walioenda kumrudishia nchi hawakuwa Waingereza peke yao. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, alitoka Tanganyika akapigana mpaka Gondar, alikuwa anatusimulia baridi ya kule milimani akiwa amejifunika blanketi hata kama ni Januari Dodoma. Nilipofika ile nyumba nilisimama bustanini nikamtaja jina lake kwa sauti. Haifunguliwi kila siku, angalia kabla ya kwenda.

Na lingine, zile nyumba nzuri za rangi ya asali, mama akikuuliza hela zilitoka wapi mwambie ukweli. Matajiri wengi waliokuja pale karne ya 18 kujiburudisha na maji walikuwa na mashamba ya miwa Karibiani. Kuna mnara kwenye kilima cha Lansdown, wa William Beckford, utajiri wake ulitoka Jamaika kwa jasho la watumwa. Mji ni mzuri na hilo lipo ndani yake.

#11 Kipepeo254

Mjukuu wa Keya hiyo sikujua, nimeishi Reading miaka kumi. Wikiendi hii naenda na watoto.

#12 Dada_wa_Peckham

Hivi ile ya kuoga juu ya paa mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa?

#13 BintiShangani

Hapana dada, ni kuanzia miaka 16. Mwachie bibi yake mwende wenyewe jioni, giza likiingia mvuke unapanda kwenye taa, pazuri mno. Kikao ni masaa mawili.

#14 Mwana_wa_Chumbageni

Wakuu nimepanga hivi, mnirekebishe. Jumatano tunatoka nyumbani saa mbili asubuhi, treni ya Paddington ya saa nne kasoro, tunafika Bath saa tano na kitu. Roman Baths nimekata ya saa sita. Tukitoka tunakula, halafu tunapanda kuiona ile safu ndefu ya nyumba iliyopinda, Royal Crescent, tunarudi kupitia daraja la Pulteney lenye maduka juu yake, halafu Abbey, halafu Fairfield, treni ya kurudi saa kumi na mbili jioni.

#15 BintiShangani

Kaka hayo ni mambo ya kijana mwenye magoti yake. Punguza. Royal Crescent iko juu mlimani, kutoka chini mjini ni kupanda mtindo mmoja, na Gay Street inakata pumzi hata mie. Fanya hivi, mkishakula chukueni teksi mpaka mlangoni pa Royal Crescent, halafu mshuke kwa miguu. Yaani kupanda kwa gari, kuteremka kwa miguu, polepole, mkipumzika. Fairfield iache, ni mbali na njia yenu, na daraja mkiliona sawa, msipoliona basi.

#16 Fundi_Reli

Naunga mkono. Na wasiliana na huduma ya Passenger Assist, ni bure, mfanyakazi anakupokea mlangoni, anakuwekea mbao ya kupandia, mkifika Bath mwingine anawasubiri. Mama asione aibu, sio ya wagonjwa tu.

#17 Mtaa_wa_Saba

Haya mkuu, safari njema. Tuletee mrejesho na picha.

#18 Mwana_wa_Chumbageni

MREJESHO

Wakuu nimekaa siku tatu kabla ya kuandika kwa sababu nilitaka niandike vizuri.

Tulitoka na manyunyu. Mama aliamka saa kumi usiku akapika chapati na maharage ya nazi, chai ya tangawizi kwenye chupa, nikamwambia mama tutanunua huko akasema huko ni huko. Paddington yule kijana wa usaidizi alikuwa anatusubiri, akamshika mama mkono kama mama yake, akamweka kwenye kiti upande wa kulia kama Fundi alivyosema. Njia yote anaangalia nje anauliza kila kitu, hawa kondoo ni wa nani, mbona hakuna anayewachunga. Kwenye lile handaki nikamwambia kuhusu wale waliokufa, akasoma Fatiha kimoyomoyo, namjua akisoma midomo inatikisika. Tulipotoka kwenye mwanga akasema, ah, rangi ya mchanga wa Raskazone.

Toka stesheni mpaka Roman Baths tulitumia dakika ishirini na tano, wengine nasikia wanatumia kumi, hatukuwa na haraka. Ndani kuna lifti, unapewa kile kifaa cha kusikiliza sikioni bila kulipa zaidi, ila mama hakukitaka, akataka nimtafsirie mimi. Kwahiyo nilikuwa nasoma kila kibao.

Sasa niwaambie alipokwama. Kuna kabati la vioo lina vipande vya risasi, vyembamba kama karatasi, vimekwaruzwa maandishi. Vimepatikana kama 130. Ni watu wa wakati ule walioibiwa vitu, wengi nguo zao wakiwa wanaoga, basi mtu anaandika kwa mungu wa kike wa ile chemchemi, Sulis Minerva, anasema aliyeiba joho langu, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au muungwana, asipate usingizi mpaka alirudishe, halafu anakikunja anakitupa majini. Nilipomaliza kumtafsiria mama akanitazama akasema, "Hii si halbadiri hii?" Akarudi kuangalia tena. Akaniambia kwao Chumbageni kuna mtu aliibiwa cherehani miaka ya sabini, wakatangaza itasomwa halbadiri, asubuhi cherehani ikakutwa barazani. Akawa anahesabu yale majina, anauliza huyu aliibiwa nini, na huyu je, walirudishiwa? Nikamwambia haijaandikwa. Alisikitika kweli, kama vile ni majirani zake. Pale tulikaa karibu nusu saa na watu wanatupita.

Tukatoka kwenye lile bwawa kubwa. Lipo wazi juu, la kijani, nguzo pande zote, na kwa ile baridi mvuke ulikuwa unapanda. Nilishamwambia hayaguswi, alikubali, ila nilimuona anavyoyaangalia na mkono ameukunja ndani ya mtandio. Halafu ndani kidogo kuna sehemu maji yanamwagika kutoka kwenye chemchemi yenyewe, yanapita kwenye mfereji wa Warumi, mawe yamekuwa ya rangi ya chungwa iliyokolea kwa sababu ya chuma kilichomo. Ukisimama pale joto linakupiga usoni. Mama miwani yake ikaingia ukungu yote, akaivua, akafumba macho akasimama tu. Nikataka kupiga picha nikaacha. Alipofumbua akasema, "Haya hayanuki."

Mwisho kule kuna ule mfereji wa kunywa. Nikampa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akakikumbatia kwanza kama anapasha viganja. Bismillah, akanywa. Mimi nilikunywa nikaona kama maji yaliyolala kwenye sufuria ya chuma, yana uchumvi kidogo, sio mazuri kwa kweli. Yeye alimaliza, akajaza tena.

Tukala kwenye benchi mbele ya Abbey. Ile kanisa ukutani nje kuna malaika wa mawe wanapanda ngazi mpaka juu, na kuna anayeshuka kichwa chini. Mama akasema huyo goti lake zima. Kulikuwa na kijana anapiga violini, mama akampelekea chapati moja imefungwa kwenye karatasi, yule kijana akaila palepale halafu akapiga wimbo mrefu huku anamtazama mama.

Halafu BintiShangani, teksi yako. Sina cha kukulipa. Tulishushwa mlangoni Royal Crescent, nyumba 30 zimeunganishwa zimepinda kama mwezi mwandamo, zilianza kujengwa 1767, mbele yake nyasi tupu mpaka chini. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Mama kauliza kweli hela zilitoka wapi. Nikamwambia kama Mjukuu wa Keya alivyosema. Akanyamaza muda. Akasema na Bagamoyo na Pangani nako nyumba za namna hiyo zipo, nzuri, na tunajua. Hakuongeza neno, tukaanza kuteremka.

Kuteremka tulipita The Circus, nyumba 33 zimezunguka duara na miti mikubwa katikati, tukapumzika pale, tukateremka Gay Street anashika mkono wangu. Mara tatu tulisimama. Daraja hatukufika, Fairfield hatukufika. Saa kumi na moja tulikuwa stesheni, nashukuru tiketi ya kurudi ilikuwa ile ya wazi kwa sababu tulipanda treni ya kwanza iliyokuja. Alilala toka Chippenham mpaka Paddington, viatu kavua, miguu nimeiweka kwenye mapaja yangu.

Mtaa wa Saba, picha nimeziweka chini, ila ile ya mama kwenye mvuke haipo, nilishasema niliacha.

#19 Mtaa_wa_Saba

Mkuu nimeisoma nikampigia mama yangu Mwanza. Nafuta kauli yangu ya Brighton.

#20 Mjukuu_wa_Keya

Maneno ya mama ya Bagamoyo na Pangani nimeyasoma mara mbili. Msalimie sana.

#21 BintiShangani

Maashaallah, maashaallah. Akija tena mwaka wa mbele niambie, nije nimpokee mie stesheni, Fairfield tumpeleke kwa gari yangu.

#22 Fundi_Reli

Yule kijana wa Paddington uliandika kumsifu? Kuna sehemu ya maoni kwenye tovuti, andika tafadhali, huwa wanasomewa kwenye kikao cha asubuhi.

#23 Mwana_wa_Chumbageni

Nimeandika Fundi, jana.

#24 Dada_wa_Peckham

Samahani naufufua uzi, mama alishafika salama Tanga? Goti linaendeleaje? Sisi tulienda wiki iliyopita, treni hiyohiyo, kadi hiyohiyo, mume wangu kanishukuru mpaka leo.

#25 Mwana_wa_Chumbageni

Alifika salama dada, wiki ya pili sasa. Goti lipo vilevile.

Jumamosi kanipigia kwa video, nikaona miti na mawe, simu inatikisika, nikashtuka uko wapi. Kumbe kachukua bajaji na mjukuu wake wamekwenda Galanos. Anasema hajafika pale toka bibi alipofariki. Akampa mtoto simu aishike, akainua kanga kidogo, akatia mguu wa kulia mpaka gotini, akaniangalia akaniambia, "Haya ndiyo yananuka."